Kiapo Ambacho Kol Nidre Haikifuti

Halab, 8 Machi 1931

Kwa Rahmo, ndugu yangu,

Usishtuke kuona mwandiko ni uleule lakini salamu zimebadilika. Kwa miaka minane umekuwa ukimwandikia Mama, mimi namsomea, Mama anasema, mimi naandika, na wewe unajifanya hujui mkono ulioshika kalamu ni wa nani. "Wasalimie wote wa nyumbani," unaandika. Wote wa nyumbani ni mimi, Rahmo. Na paka. Leo nimeamua kuandika kwa kinywa changu mwenyewe. Mimi sijambo, kwa kuwa hukuuliza.

Habari za huku ni njema. Theluji ilianguka mwezi uliopita ikavunja tawi la mlimau wa uani. Mama Selim wa jirani amemwoza binti yake wa mwisho, akalia siku ya harusi utadhani anazika. Sikukuu ya Purimu ilikuwa na kelele za kutosha. Mama alitaka sambusa za jibini kama zamani, akala moja, akasema chumvi haitoshi. Kwa hiyo ujue Mama ni yuleyule.

Sasa jambo lenyewe. Mama anataka mwaka huu, jioni ya kuamkia Siku ya Upatanisho, kabla watu hawajaenda sinagogi kusikiliza Kol Nidre, ile sala ya kufuta nadhiri, aweke mikono yake juu ya kichwa chako akubariki, kama walivyokuwa wakifanya yeye na baba tulipokuwa wadogo. Hataki kwa barua. Anataka kichwa chenyewe. Amelisema hili kila siku tangu theluji. Nikamwambia, "Mama, mwanao si aliapa hataingia humu?" Akasema, "Aliapa yeye, mimi sikuapa."

Anasema pia niandike hivi, kwa maneno yake: "Rahmo, unanenepa, naona kwenye picha. Punguza mkate."

Basi nimefikisha. Msalimie mkeo Fortuna na watoto, hasa huyo Shaul mdogo aliyebeba jina la baba.

Bahiye

---

Iskandaria, 29 Machi 1931

Kwa dada yangu Bahiye,

Nilipoona barua inaanza kwa jina langu nilijua Mama amekufa. Fortuna alinikuta nimekaa sakafuni dukani, katikati ya majora ya nguo. Kwa hiyo kabla ya yote, asante kwa kunipunguzia miaka ya kuishi.

Sote wazima. Shaul anang'oka meno. Nduguye, Garaz mdogo, anajifunza Kifaransa na kunisahihisha mbele ya wateja. Biashara imelala, lakini tunakula. Nyumba inasafishwa kwa ajili ya Pasaka, hata mifuko ya makoti yangu imegeuzwa nje kutafutwa makombo ya mkate.

Kuhusu Mama, nani asiyeitaka mikono ya mama yake? Lakini unajua nilichosema siku ile na mahali niliposema. Ilikuwa katika matanga ya baba, mbele ya Torati iliyoletwa nyumbani kwa ajili ya sala, ndugu wote wakisikia. Nilisema sitaingia nyumba hiyo wala kuonja chakula chake maadamu Bahiye yumo ndani. Ulikuwa umeniaibisha. Nilikuwa nimempa Zaki neno langu kwamba utaolewa naye, na ukamkataa kwa sauti kubwa mbele ya ndugu zake. Mfanyabiashara asiye na neno ana nini tena?

Sasa nisikilize. Tangu hapo nimesimama kila mwaka, nikasikia Kol Nidre ikisomwa mara tatu: nadhiri zote, viapo vyote, vifungo vyote, vifutwe, visiwe na nguvu wala uzito. Kwa hiyo mbele ya Mungu kiapo changu kilikwisha zamani. Lakini midomo ya watu wa Halab unaijua. Ili kuzuia maneno, nakuomba jambo dogo tu: ukakae siku tatu kwa shangazi Nazli. Mimi nitaingia, Mama atanibariki, nitaondoka. Kiapo kitakuwa hakijaguswa, na heshima ya kila mtu itabaki mahali pake.

Nadhani utaona kwamba ni busara.

Rahmo

---

Halab, 20 Aprili 1931

Kwa mdogo wangu Rahmo,

Pasaka imepita salama. Usiku wa kwanza tulikula na akina Mama Selim, maana wanawake wawili na paka hawajazi meza. Mjukuu wao alibebeshwa mkate usiotiwa chachu begani, kama desturi, tukamuuliza, "Umetoka wapi?" Akajibu kama alivyofundishwa, "Misri." Mama akainua kichwa pale alipokuwa akisinzia, akamuuliza, "Umemwona Rahmo huko?" Tulicheka mpaka mzee Selim mwenye nyumba akapaliwa na mvinyo. Kisha mtoto akasema hapana, hajamwona, na Mama akaisukuma sahani yake kando.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka. Kama kiapo kimefutwa, mimi niondoke kwa nini? Na kama hakijafutwa, Kol Nidre umeitaja ya nini? Chagua mguu mmoja uusimamie.

Baba alitufundisha pamoja, ingawa mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikimenya maharage. Alisema nini? Kol Nidre inashughulika na yaliyo kati ya mtu na Muumba wake, zile nadhiri anazojiwekea mwenyewe kwa pupa, akazisahau au zikamshinda. Yaliyo kati ya mtu na mtu haiyagusi hata kwa ncha ya kidole. Na mtu aliyeapa juu ya mwenziwe, usoni pa mwenziwe, hafunguliwi ila mbele ya uso huohuo. Uso wenyewe ni huu wangu. Umechakaa kidogo lakini bado upo.

Au umesahau hata sababu ya kusomwa kwake? Baba alituhadithia habari za Hispania, za wale walioshurutishwa kubadili dini. Mchana wanapiga magoti kanisani, na usiku wa Siku ya Upatanisho wanashuka kwenye maghala ya chini ya ardhi, wakafunga milango, wakasema: Mungu wetu, maneno yale tuliyotamkishwa, hatukuyasema sisi. Ndiyo maana sala huanza kwa kuita mahakama ya mbinguni na mahakama ya duniani, zitoe ruhusa ya kusali pamoja na wakosaji. Wale waliapa kisu kikiwa shingoni. Wewe kisu ulishikiwa na nani? Na Zaki? Mzee aliyekwisha kuzika wake wawili na bado anatafuta wa tatu?

Sitoki. Sitoki siku tatu wala saa tatu. Mwambie Fortuna namshukuru kwa kitambaa cha bluu alichonitumia.

Mama anakusalimu, anasema uvae flana.

Bahiye

---

Iskandaria, 31 Mei 1931

Kwa dada yangu,

Nimechelewa kwa makusudi. Niliiweka barua yako kando ili hasira ipoe, haikupoa, basi naandika nayo hivyohivyo.

Garaz mdogo alipata tetekuwanga akamwambukiza Shaul, nyumba nzima ikawa inajikuna. Wamepona. Fortuna hajambo, na anasema nisikuandikie nikiwa na hasira. Kwa hiyo unaona kwamba nyumba hii pia ina wakaidi.

Hapa tunasali na mtu mmoja msomi, mwalimu, ambaye maisha yake yote yamo katika vitabu vya kale. Nilimweleza habari za Hispania za baba. Akatabasamu kwa huruma. Kol Nidre, anasema, ni kongwe kuliko mateso ya Hispania kwa mamia ya miaka. Ilikuwa ikisomwa tayari katika zama za wakuu wa vyuo vya Babeli, na wengi wa wakuu hao hawakuitaka. Waliiita desturi ya kijinga. Walisema itawafanya watu wachezee viapo. Baadaye huko Ufaransa mwalimu mmoja akageuza maneno yake, isifute viapo vya mwaka uliopita bali izuie vya mwaka ujao, na sisi, kwa kuwa hatupendi kukosa kitu, tunasoma yote mawili. Na huko Algeri walikuwapo ambao hawakuisoma kabisa. Kwa hiyo hicho kirungu unachonipigia, dada yangu, wakubwa wenyewe walikitupa jalalani.

Hata hivyo, ili ukome, nimeketisha watu watatu baada ya sala ya asubuhi, wawe mahakama ya kufungua viapo kama sheria inavyotaka, nikawaambia kiapo changu. Wakaniambia mara tatu, "Umefunguliwa." Sasa sidaiwi kitu. Naomba tu uniachie nafasi siku tatu, kwa adabu, watu wasije wakaanza kufukua ya zamani. Na nikukumbushe, bila ubaya wowote, kwamba nyumba ni ya baba, na mwana wa baba ni mimi.

Mbona hiyo salamu ya Mama ni fupi hivyo? Flana, mwezi wa nne? Zamani alikuwa akinikaripia mistari mitatu.

Rahmo

---

Halab, 14 Juni 1931

Kwa mwana wa baba,

Hatujambo. Aprikoti zimeiva, nimeanika juu ya paa na nzi wote wa Halab wamealikwa. Mama anakula.

Mshukuru msomi wako kwa niaba yangu. Kama ni Babeli, basi ni Babeli. Huenda baba alikosea, au alijua ukweli na akaipenda zaidi ile hadithi, yeye alikuwa hivyo. Lakini wewe umesikia nusu ya habari ukatoka mbio na furaha zako. Wakuu waliikataa. Enhe, halafu? Mbona ipo? Nani aliyeiweka?

Waliiweka watu, Rahmo. Wauza vitunguu, wafua nguo, wanawake kama mimi. Watu waliojua kwamba mwaka mzima wamesema hovyo, wameapa hovyo, na hawawezi kuanza kufunga na kuomba huku vinywa vimejaa maneno yaliyooza. Wakaambiwa wasisome, wakasoma. Wakaambiwa ni ujinga, wakasoma mara tatu. Mpaka wakubwa wakachoka, wakaiandika vitabuni na kuanza kubishana juu ya wakati uliopita na ujao. Hiyo asili yake mpya uliyoniletea naipenda kuliko ya Hispania. Ni sala ya watu waliokatazwa wakakataa. Kwa hiyo usinitishe na wakuu wa Babeli, hao tulishawashinda.

Na hao watatu wako, walikuuliza kama yule uliyeapa juu yake ana habari? Au uliwaambia ni nadhiri ya kuacha tumbaku? Warudie uwaeleze vizuri, uone watakavyobadilika rangi.

Sasa nyumba. Umelisema hatimaye, nami nilikuwa nalisubiri. Wewe unadhani naushikilia mlango huu kwa kiburi. Mimi ni mwanamke asiye na mume, nakaribia arobaini. Humu ndimo kitanda changu kilimo, na jiko langu, na cherehani ninayoshonea mashuka ya maharusi wa watu. Nikitoka siku tatu ili wewe uingie, uchochoro mzima utajua kwamba Bahiye ni mtu wa kutolewa. Anayeweza kutolewa siku tatu anaweza kutolewa moja kwa moja. Mama akifumba macho, utakuja na ufunguo, na mimi nitakuwa mgeni wa shangazi Nazli mpaka kufa kwangu, nikilala karibu na magunia ya ngano. Hilo ndilo ninaloliogopa. Nimeliandika wazi, fanya utakalo.

Nilimkataa Zaki na sijajuta hata asubuhi moja. Sikuvunja neno langu, maana sikulitoa. Ulitoa wewe neno juu ya mwili wangu, ukaniambia nilitunze.

Sitoki.

Bahiye

---

Iskandaria, 20 Agosti 1931

Bahiye,

Leo sisalimu mtu.

Mpwa wa Abud, yule mtumishi wa sinagogi, alipita dukani kwangu jana akienda Kairo. Nikamuuliza habari za nyumbani. Akashangaa kwamba sijui. Anasema Mama hajashuka kitandani tangu kabla ya mfungo wa kuomboleza Hekalu, na kwamba siku nyingine anakuita kwa jina la bibi. "Mama anakula," uliniandikia. Anakula! Nikakaa miezi miwili nimenuna hapa, sikujibu barua, nikijua kwamba Mama yuko uani anachambua maharage na kulalamikia chumvi!

Nani alikupa haki ya kunificha? Unalipa kisasi kwa mgongo wa mama yetu?

Wale watu watatu niliwarudia. Mzee wao alinisikiliza mpaka mwisho safari hii. Akaniuliza, "Dada yako yu hai?" Nikamwambia yu hai kupita kiasi. Akasema, "Basi siku ile tulifungua upepo." Umefurahi?

Niandikie ukweli kuhusu Mama, na uandike leo.

Rahmo

---

Halab, 30 Agosti 1931

Kwa Rahmo,

Nasalimu mimi, maana lazima mmoja wetu awe na adabu. Fortuna hajambo? Watoto hawajambo?

Ukweli ni huu. Miguu yake haimbebi tena. Macho yanaona mwanga na vivuli. Anakula, sikusema uongo, anakula uji wa mchele na maziwa kwa mkono wangu. Siku nzuri anajua kila kitu na kunigombeza kuhusu vumbi. Siku mbaya mimi ni bibi Simha, na ananiomba ruhusa ya kwenda kucheza nje. Namruhusu.

Kwa nini sikukuambia? Kwa sababu ningekuambia ungekuja. Ungefika unalia, watu wangesema, "Mpisheni, mama yake anakufa," na mimi ningejibanza ukutani katika nyumba yangu mwenyewe. Kiapo chako kingezama katika machozi, hakuna ambaye angethubutu kukitaja tena. Sikutaka uje kwa sababu ya kifo. Nilitaka uje kwa sababu yangu, hata mara moja. Niite katili, majina mengine ulishaniita.

Nikupe na hili, kwa kuwa leo ni siku ya ukweli. Tangu uape, sijaenda kusikiliza Kol Nidre hata mwaka mmoja. Nabaki na Mama, nasema ni kwa ajili ya miguu yake. Lakini miguu yake ilikuwa mizima miaka yote hiyo. Naogopa nikisimama kule juu na wanawake, wimbo ule ukianza, nitakusamehe kwa bahati mbaya. Sitaki kukusamehe kwa bahati mbaya. Nikikusamehe nataka niwe macho, na wewe uwe unanitazama.

Basi sikiliza masharti yangu, sitayarudia. Uliapa hutaingia nyumba. Uchochoro si nyumba. Njoo usimame nje na watu watatu wanaojua sheria. Mimi nitasimama ndani ya mlango wangu, sitavuka kizingiti. Utasema ulichoapa, neno kwa neno, kwa sauti ileile ya siku ile. Halafu tutaona.

Harakisha. Hilo silisemi kwa ajili yangu.

Bahiye

---

Iskandaria, 18 Oktoba 1931

Kwa dada yangu Bahiye,

Nimefika salama, mgongo ukiwa umevunjika kwa gari moshi. Ile jamu yako ya mabiringani nimeifikisha, na Shaul ameshaficha mtungi mmoja chini ya kitanda. Fortuna anasema sasa anaelewa ukaidi wangu ulitoka ukoo gani.

Watoto wananiuliza ilikuwaje, na nimesimulia mara nyingi hata naona nimeanza kutia chumvi. Kwa hiyo nakuandikia nilivyoona mimi kutoka uchochoroni. Wewe uliona kutoka ndani, utanisahihisha.

Nilikuta mlango wazi. Ulikuwa umesimama katikati umekunja mikono, aproni shingoni, na nyuma yako harufu ya kuku wa chakula cha mwisho kabla ya mfungo. Nikasema, "Shalom, dada." Ukasema, "Rudi nyuma, kidole kimegusa kizingiti." Nikarudi. Rabi Ezra, Abud na mzee Selim wakaketi kwenye viti walivyoazima kwa mwokaji. Madirisha yote yalikuwa na vichwa.

Nikaanza kusema kiapo. Ukasema, "Sisikii. Siku ile hukunong'ona." Basi nikapaza sauti. Nilipomaliza, Mama Selim akapiga kelele kutoka dirishani, "Ndivyo hasa alivyosema, nilikuwepo!" Sijawahi kuaibika vile, Bahiye, hata siku uliyomkataa Zaki. Maneno yale nilipoyasikia tena, kwa sauti yangu, mbele ya uso wako, niliona ni ya mtoto mdogo aliyenyang'anywa kitu kisichokuwa chake.

Rabi Ezra akaniuliza, "Unajuta?" Nikasema najuta. Akakugeukia, "Na wewe, uko radhi afunguliwe?" Ukasema, "Bado. Kuna nyumba." Nikasema, "Nyumba hii ni ya Bahiye maadamu anaishi, Mama awepo asiwepo. Hakuna atakayemtoa, si mimi wala mwanangu." Abud akafurahi, akasema, "Vizuri, basi apa, mashahidi tupo!" Na mimi, mjinga, nikainua mkono.

Hapo ndipo ulipopiga kelele mpaka njiwa wakaruka. "Asiape! Mshusheni mkono huyo! Viapo vyake vimenichosha. Aseme tu, kama mtu!"

Basi nikasema tena, mikono chini. Maneno yalikuwa matupu, hayana Mungu wala Torati ya kuyashikilia, yananitegemea mimi peke yangu. Niliogopa kuliko nilipoapa. Ukanitazama, kisha ukamwambia Rabi, "Mfungueni." Wakasema mara tatu. Kabla ya ile ya tatu kuisha, sauti ikatoka ndani: "Bahiye! Kelele za nini? Kama ni Rahmo aingie, kuku anapoa na jua halimngoji mtu!"

Mikono yake ilikuwa myepesi mno kichwani pangu. Alianza baraka, akapotea katikati, wewe ukayataja maneno polepole kutoka mlangoni, naye akayafuata mpaka mwisho. Kisha akanipapasa shavu akasema nimenenepa.

Halafu Mama Selim akaja, akasema yeye Kol Nidre amesikia za kutosha, atakaa na Mama, wewe uvae. Nilitembea nyuma yako mpaka sinagogi. Torati zilipotolewa, na wazee wakatangaza kwamba kwa idhini ya Mungu na idhini ya watu, tunaruhusu kusali pamoja na wakosaji, niliinua macho kwenye jukwaa la wanawake kumtafuta mkosaji wangu. Sijui kama uliniona.

Mama ameamkaje? Niandikie ukweli, hata ukiwa mbaya.

Rahmo

---

Halab, 22 Novemba 1931

Kwa ndugu yangu Rahmo,

Simu ya maandishi umeshaipata, na jibu lako nimelipata. Sasa nikueleze taratibu, maana simu ile ilikuwa na maneno machache mno kwa mtu aliyependa kusema kama Mama.

Ilikuwa asubuhi. Nilimpa uji, akasema chumvi haitoshi. Nikaenda jikoni kuchukua chumvi, na niliporudi alikuwa ameshakwenda. Nililia, kisha nikacheka, kisha nikamwita Mama Selim. Wiki ile nzima ya mwisho hakuniita bibi Simha hata mara moja. Alikuwa akisema, "Rahmo alikuja," akimwambia kila aliyeingia, hata yule mchuuzi wa maziwa. Kwa hiyo usijitese. Hukuchelewa.

Kuhusu simulizi yako, umetia chumvi mahali pamoja. Sikupiga kelele, nilisema kwa sauti. Na njiwa wale wa mwokaji huruka kila jioni.

Nilikuona. Mimi nilikuwa nikitazama chini kupitia kimiani, kumtafuta wangu, na macho yetu yakakutana pale pale penye neno la wakosaji. Nikacheka. Mwanamke wa pembeni akanifinya akaniambia ninyamaze, hii ni Kol Nidre. Na ili ujue, sikukusamehe kwa bahati mbaya. Nilikusamehe kwa makusudi, iliposomwa mara ya kwanza. Zile mara mbili nyingine nilisikiliza wimbo tu, nilikuwa nimeukosa sana.

Katika matanga binamu Yomtob alikuja, akala mayai na zeituni za watu, kisha akaniuliza kwa sauti ya upole, nyumba sasa itakuwaje? Rahmo aliapa? Nikamwambia hakuapa. Kuna karatasi? Nikamwambia hakuna, alisema tu. Akatikisa kichwa kwa jinsi alivyonihurumia, akaniambia shangazi Nazli ana chumba. Nilimmiminia kahawa, na nakiri, niliyawaza yale magunia ya ngano.

Wakati huohuo akaingia tarishi na simu yako. "Nalia nawe. Naomba ruhusa kuleta watoto nyumbani kwako Pasaka."

Nyumbani kwako. Nilimsomea binamu Yomtob mara tatu, kwa sauti, kila mara nikipandisha kidogo, kama Kol Nidre inavyosomwa.

Njooni. Shaul ndiye atakayebeba mkate begani safari hii, naye akiulizwa ametoka wapi hatakuwa na haja ya kufundishwa jibu. Mimi mtanikuta. Unajua sitoki.

Dada yako,
Bahiye